Meza ya mwalimu: Chungu kilichopikwa mbele ya wageni kufika



Miezi mitatu iliyopita, kwenye kikao cha siku ya posho, mama mmoja wa kikundi cha Kadutu alituuliza swali. Binti yake ameolewa Kalemie, naye anataka kusoma gazeti letu. Tutalimfikisha namna gani? Tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza. Gazeti letu linatoka nakala 120 kila juma. Zinapita mkono kwa mkono, zinaishia kufungia karanga sokoni. Zile za zamani tulizoweka kwenye kabati la ofisi, mvua ilizikuta chini ya bati lililotoboka. Za miaka ya kwanza hatuna hata moja.

Wengine mutakumbuka kwamba tuliwahi kuwa na tovuti. Kijana mmoja alitutengenezea, tukamlipa dola 150 kutoka kisanduku cha chama. Ilikuwa nzuri, picha zilitembea zenyewe. Mwaka uliofuata ilitakiwa kulipa tena ili ibaki hewani. Kijana alikuwa amehama inchi, na neno la siri alikuwa nalo yeye peke yake. Tovuti ikafungwa, na ndani yake mapishi yetu, hotuba zetu na picha za tarehe 8 Machi. Hatumlaumu. Sisi ndio tuliokubali kupewa nyumba bila ufunguo.

Basi tumeanza tena, kwa njia nyingine. Leo tunawaeleza njia hiyo kwa sababu si ya wataalamu peke yao: mama anayejua kuandika ujumbe kwenye simu anaweza kuijifunza. Na tunawaeleza pia kwa sababu tulifanya kosa ndani yake, na ninyi muna haki ya kulijua.

Mgahawa na chungu

Tovuti ni kurasa zilizowekwa kwenye kompyuta isiyozimwa, ile wengi wetu tunaita ordinatere, ili mtu mwenye simu popote azifungue. Kompyuta hiyo hapa tutaiita ghala.

Ziko njia mbili za kuwalisha wageni. Ya kwanza ni ya mgahawa. Mteja anaingia, mpishi anawasha moto, anatafuta sombe, anapika, anapakua. Mteja wa pili akiingia, kazi inaanza tena. Tovuti nyingi za leo ziko hivyo. Kila mtu anapofungua ukurasa, programu iliyoko ghalani inakwenda kutafuta maneno mahali yalipohifadhiwa, inayapanga, ndipo inamtumia. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, inatumika namna hiyo. Ni njia nzuri kwa duka, ambapo bei na hesabu ya vitu vinabadilika kila saa. Lakini mpishi anataka mshahara, na jiko linataka mlinzi: programu ya ghalani ikikaa muda mrefu bila kurekebishwa, wezi wanaingia.

Njia ya pili ni ya chungu cha arusi. Wamama wanapika mbele ya wageni kufika. Mgeni akija, inabaki kupakua tu. Kurasa zote zinatengenezwa mara moja kwenye kompyuta yetu nyumbani, na ghala linazitoa kama zilivyo. Ghalani hakuna moto wala mpishi, na mwizi hapati jiko la kuvunja.

Njia hii si mpya. Tim Berners-Lee alipoanzisha tovuti ya kwanza kule CERN, Uswisi, na kuifungua kwa watu mwaka 1991, kurasa zake zilikuwa faili za namna hiyo. Shida ilikuja kurasa zilipoongezeka. Ukitaka kubadili kichwa kimoja kinachoonekana kwenye kurasa 50, unarekebisha mara 50. Ndiyo maana watu walibuni programu ya kushona. Wewe unaipa maandishi upande mmoja na mfano wa vazi upande mwingine, nayo inavalisha kurasa zote. Tom Preston-Werner alitoa moja inayoitwa Jekyll mwaka 2008. Steve Francia alianzisha nyingine, Hugo, mwaka 2013.

Munajua kitenge chetu cha mwezi wa tatu. Kila mama ana mwili wake, lakini tukitembea barabarani tunaonekana chama kimoja. Vazi la tovuti ni kile kitenge. Ukibadili mfano mara moja, kurasa zote zinabadilika.

Namna tulivyofanya

Tulichagua Hugo kwa sababu mbili. Ni faili moja tu ya kuweka kwenye kompyuta, na ikisha kuingia haiombi intaneti. Tuliichukua siberi pamoja na vazi moja jepesi, tukabeba vyote kwenye flashi. Kazi iliyobaki tuliifanya nyumbani, kwenye kompyuta moja ya zamani, hata siku ambazo umeme ulikuwa wa zamu.

Kwenye dirisha la kuandikia amri, tuliandika: hugo new site gazeti. Programu ikatengeneza dosie linaloitwa gazeti, na ndani yake madosie mengine. Matatu ndiyo ya kushika kwanza. La content ni la maandishi. La static ni la picha na vitu vinavyokwenda kama vilivyo. La themes ni la mavazi. Pembeni kuna faili moja, hugo.toml, ambamo unaandika jina la tovuti, anwani yake na vazi ulilochagua.

Kisha tukaandika: hugo new content posts/juma-la-kwanza.md. Huo ni ukurasa mtupu. Juu yake kuna mistari michache kati ya alama: kichwa cha habari, tarehe, na neno draft lenye thamani ya true, ni kusema ukurasa bado ni rasimu. Chini yake unaandika habari yako kwa namna inayoitwa Markdown, ambayo John Gruber aliitoa mwaka 2004. Ni maandishi ya kawaida kabisa. Ukitaka kichwa kidogo, unatanguliza alama ya # mara mbili. Ukitaka neno liwe zito, unalizungushia nyota mbili kila upande. Ukitaka orodha ya vitu vya kupika, kila kitu kinapata mstari wake na kistari mbele. Mama mwandishi wa chama alishika yote hayo kwa saa moja.

Ukitaka kuonja mbele ya kupakua, andika: hugo server -D. Hapo unafungua localhost:1313 kwenye kompyuta yako, unaona tovuti nzima, pamoja na rasimu. Hakuna mwingine anayeiona. Ukiridhika, unabadili true kuwa false, unaandika neno moja tu: hugo. Kurasa zote zinashonwa na kuwekwa kwenye dosie jipya linaloitwa public. Hilo ndilo chungu. Ndilo linalokwenda ghalani.

Kuhusu ghala, ziko kampuni za ng'ambo zinazotoa nafasi bila malipo kwa kurasa za namna hii, kama GitHub, Netlify na Cloudflare. Tulichagua moja. Anwani inabeba jina la kampuni ndani yake, nasi hatukuona aibu. Tukitaka siku moja anwani yetu wenyewe inayoishia na .cd, ya inchi yetu, tutailipia kila mwaka. Kwa sasa feza hiyo ina kazi nyingine.

Uzito wa picha

Jambo moja lilitushangaza. Maandishi ya gazeti zima, kama maneno 2000, hayafiki kilobaiti 20. Picha moja ya simu ya leo inaweza kuwa na mega 3, ni kusema kilobaiti 3000. Picha moja ina uzito wa magazeti 150. Mama anayenunua mega kidogo kidogo asubuhi, tukimwekea picha 10 za namna hiyo kwenye ukurasa, tumemla mega 30 mbele hajasoma neno. Kwa hiyo kila picha tunaipunguza mpaka chini ya kilobaiti 100, na ukurasa hauna zaidi ya picha mbili. Ukurasa wetu unafunguka hata kwenye simu ndogo na mtandao wa kuvizia.

Kosa letu

Sasa tuje kwa jambo zito.

Katika kurasa za kwanza tulitaka kuweka ushuhuda wa mama mmoja mjane. Ulikwisha kutoka kwenye gazeti bila jina: namna shemeji zake walivyomtoa kwenye parsele baada ya matanga, na namna alivyopeleka mambo mbele ya tribinali. Kesi haijaisha. Alikubali tuandike kwa sharti moja, jina lake lisionekane, wala avenue anayoishi sasa.

Wakati wa kuandika, tuliweka juu ya ukurasa, kwa kujikumbusha, jina lake la kweli, avenue na namba ya simu. Tulisema tutafuta mbele ya kutoa. Ukurasa ulikuwa rasimu, draft ikiwa true. Tulitazama tovuti, hauonekani. Tukalala vizuri.

Lakini tulikuwa tumefanya jambo la pili. Ili kazi isipotee kama mara ya kwanza, tulipeleka ghalani dosie zima, si public peke yake. Content ilikwenda pia, pamoja na rasimu zake. Na kwa nafasi ya bure tuliyochukua, dosie hilo ni la wazi kwa kila mtu. Aliyefungua tovuti aliona chakula kilichopakuliwa. Aliyezunguka nyuma aliona jiko lote, na maganda yake.

Ilikaa hivyo siku 9. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa sita, ambaye tulimwomba atazame rangi za vazi, alitusogelea baada ya masomo, akasema kwa sauti ndogo: "Madamu, jina la huyu mama liko nje."

Tulifuta hapohapo. Yule mtoto akatikisa kichwa, akatuonyesha jambo ambalo hatukulijua. Programu tuliyotumia kupeleka kazi ghalani inaitwa Git. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005, na kazi yake ni kukumbuka. Ukifuta mstari leo, inaandika kwamba leo mstari umefutwa, na mstari wenyewe unabaki kwenye kumbukumbu ya jana, mbele ya macho ya anayejua kufunua. Tulilazimika kuvunja nafasi nzima ghalani pamoja na kumbukumbu zake, na kufungua nyingine. Lakini kama mtu alichukua nakala ndani ya siku zile 9, anayo.

Kosa halikuwa la ghala wala la programu. Vyote viwili vilifanya kazi yao. Sisi tulidhani kwamba kitu kisichoonekana mlangoni hakionekani popote.

Tungeweza kunyamaza. Yule mama hana kompyuta, asingejua. Mama prezida alisikia habari, akachukua kitenge chake, akasema: "Twende." Tulimkuta anachambua maharagi. Tulimweleza bila kuzunguka. Aliendelea kuchambua, kisha akauliza: "Nani amesoma?" Tukasema hatujui. Akakaa, akauliza tena: "Ingekuwa karatasi, ningeichoma. Hii munaichoma namna gani?" Hatukuwa na jibu. Akatuambia turudi nyumbani, giza linaingia.

Kwa juma tatu hakuja kikaoni. Alibadili namba ya simu, na kadi mpya ilitoka kwenye kisanduku cha chama. Mpaka leo hatujasikia kwamba wale shemeji wamejua mahali alipo. Lakini kutosikia si sawa na kujua, na hilo tutalibeba.

Juma la nne alikuja, akakaa nyuma. Tulipofika kwenye habari ya tovuti, wengine walisema tuiache kabisa. Yeye akasimama. "Mimi sikatai habari yangu isomwe," alisema. "Ninakataa watu wengine waisome mbele yangu. Munisomee kwanza, yote, na ile iliyofichwa."

Kanuni tano

Siku ileile tulipiga kura, na kanuni hizi zimebandikwa ukutani ofisini.

Kwanza, jiko halitoki nyumbani. Maandishi na rasimu vinakaa kwenye kompyuta ya chama na kwenye flashi mbili, moja kwa mama prezida, moja kwa mama mweka feza. Ghalani kunakwenda public peke yake. Ziko kampuni zinazokubali uburute dosie hilo tu na kuliachia kwenye ukurasa wao, bila Git.

Pili, jina la mtu aliyeomba kufichwa haliandikwi kwenye kompyuta hata kwa kujikumbusha. Linabaki kwenye daftari lililofungiwa. Kwenye rasimu tunaandika "Mama wa tatu", basi.

Tatu, picha. Simu nyingi zinaweza kuandika ndani ya faili ya picha mahali ilipopigwa, na Hugo inapeleka iliyomo kwenye static kama ilivyo, haifuti kitu. Kwa hiyo mpiga picha anazima kwanza alama ya mahali kwenye kamera ya simu. Uso wa mtoto hautoki bila mzazi kukubali, na picha ya mlango wa nyumba ya mtu haitoki kabisa.

Nne, mwenye habari anasomewa kwa sauti, kwa lugha anayosikia vizuri, Kiswahili ao Mashi, mbele ya neno hugo kuandikwa. Akisema ondoa, inaondolewa. Haulizwi sababu.

Tano, neno la siri la ghala linajulikana na wamama watatu. Wale walio kwenye AVEC wanajua sanduku la akiba lina kufuli tatu na ufunguo wa kila kufuli uko kwa mama wake. Hapa ni kinyume kidogo: kila mmoja anaweza kufungua peke yake, ili akihama ao akiugua, nyumba isifungwe tena. Lakini hakuna anayetoa kitu hewani bila wengine wawili kujua.

Inchi yetu ina sheria ya mambo ya dijitali tangu mwaka 2023, nayo inagusa ulinzi wa habari za watu. Ni vizuri kuijua. Lakini sheria inakuja baada ya kidonda. Kusomewa kunakuja mbele.

Leo tumefika wapi

Tovuti ina magazeti 11, mapishi 6, na mashauri ya mkunga juu ya mama mjamzito. Tunaongeza gazeti moja la zamani kila juma, kwa kadiri munavyotuletea. Kama una nakala nyumbani, hata iliyokunjwa chini ya godoro, tuletee. Tutaipiga chapa upya na kukurudishia.

Ushuhuda wa yule mama bado hauko hewani. Amesema tungoje tribinali imalize. Tunangoja.

Na binti wa Kalemie? Siku ya tano iliyopita aliandika kwa simu ya mama yake. Amefungua, amesoma mapishi ya sambaza mpaka mwisho, na anasema mama amesahau kutaja pilipili. Mama anasema hakusahau, binti ndiye aliyezoea samaki za Tanganyika. Tumeacha mapishi kama yalivyo, na jibu la binti tumeliweka chini yake, baada ya kuwasomea wote wawili.

Siku ya posho ijayo, saa nane, tutafundisha wamama watano wa kwanza ofisini. Lete daftari na kalamu. Kompyuta ni moja, kwa hiyo tutakaa kwa zamu, na vijana wa mwaka wa sita watatusaidia. Mwenye mtoto mchanga aje naye.

Mbele ya kumaliza, neno moja. Yote tuliyoandika hapa juu ya yule mama, tumekwenda kumsomea siku ya kwanza jioni. Aliondoa sentensi mbili. Hizi zilizobaki alizisikiliza mara mbili, kisha akasema: "Hizo ziache."

Mubaki na amani mpaka juma lijalo.